Pensheni Iliyovuka Mpaka: Mafao ya Wazee wa Jumuiya na Hukumu ya Zaka, Kodi na Mirathi

 

 Ndugu msomaji, makala hii imetokana na swali. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa Suguti, kando ya Ziwa Victoria, katika wilaya ya Musoma Vijijini. Waislamu huko si wengi, na baada ya swala ya Alasiri watu hukaa kidogo kabla ya kutawanyika. Mzee mmoja alinisogelea akaniambia, "Ustadhi, nina jambo linaninyima usingizi." Mzee huyu aliwahi kuwa fundi wa mitambo katika meli za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, kituo chake kikiwa Kisumu. Jumuiya ilipovunjika alirudi kwao na mafao yake yakabaki njiani. Alipolipwa hatimaye, zilikuwa zimepita takriban miaka ishirini na minane. Akatoa zaka ya mwaka mmoja, akaridhika. Kisha akamsikia kijana mmoja mwanafunzi wa fiqhi akisema kwamba mali ya namna ile hutolewa zaka ya miaka yote iliyopita.

"Nikitoa ya miaka yote," akaniuliza, "nitabaki na nini?"

Swali hili si jepesi, wala si la mtu mmoja. Ili tulijibu inabidi kwanza tuione historia yenyewe, kwa sababu hukumu ya mali hufuata hali yake: ilikuwa mikononi mwa nani, kwa sababu gani, na mwenyewe alikuwa na uwezo gani juu yake.

ZIWA MOJA, MWAJIRI MMOJA

Vijana wa leo hawaijui hali ile. Kabla ya 1977 kijana wa Suguti aliyepata kazi ya reli hakuhesabu kwamba amekwenda ng'ambo. Meli zilizunguka ziwa zima: Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba, Port Bell, na kurudi. MV Victoria iliundwa Scotland, vipande vyake vikaunganishwa Kisumu, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilibeba abiria wa nchi zote tatu. Mwajiri alikuwa mmoja. Hata fedha ilikuwa moja, shilingi ya Afrika Mashariki, mpaka 1966 kila nchi ilipoanzisha benki yake kuu.

Mkataba wa Jumuiya ulitiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967 na kuanza kutumika tarehe 1 Desemba mwaka huo, makao makuu yakiwa Arusha. Mashirika yakagawanywa kwa makao: Reli na Ndege Nairobi, Bandari Dar es Salaam, Posta na Simu Kampala. Mtu wa Mara aliweza kuajiriwa na shirika lenye makao Nairobi, akafanya kazi Kisumu, akahamishiwa Mwanza, akarudishwa Port Bell. Mshahara wake ulikatwa kila mwezi kwa ajili ya akiba, au utumishi wake ukahesabiwa kwa ajili ya pensheni. Hakuulizwa fedha ile iko nchi gani, wala yeye hakuwa na sababu ya kuuliza.

Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Tarehe 30 Juni mwaka huo ikapita bila bajeti ya Jumuiya, na huo ukawa mwisho. Mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Wafanyakazi waliokuwa upande usio wao walirudi makwao na masanduku yao, wengine kwa mitumbwi, na vitabu vya hesabu za mafao yao vikabaki katika ofisi ambazo hazikuwa na mwenyewe.

Mwanadiplomasia wa Uswisi, Victor Umbricht, ndiye aliyepewa kazi ya usuluhishi. Ilichukua miaka. Tarehe 14 Mei 1984, pale Arusha, Marais Moi, Nyerere na Obote walitia saini makubaliano ya kugawana mali na madeni: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Kuhusu mafao, yaliamuliwa kwamba kila nchi itawalipa raia wake waliokuwa watumishi wa Jumuiya na mashirika yake. Tanzania iliyaingiza makubaliano hayo katika sheria zake mwaka 1987.

Hapa naomba msomaji asipite haraka, maana hapa ndipo palipoamua hatima ya yule mzee. Kabla ya 1977 haki yake ilikuwa juu ya shirika. Baada ya 1984 haki hiyo ilihamishwa ikawa juu ya serikali ya nchi yake. Hakuhamisha yeye. Mafakihi wana jina la tendo la kuhamisha deni kutoka dhima ya mmoja kwenda dhima ya mwingine: ni hawala. Na katika madhehebu yetu ya Shafii, ridhaa ya mwenye kudai ni sharti la hawala kusihi. Wazee wetu hawakuulizwa. Sisemi kwamba makubaliano ya Arusha yalikuwa batili. Nchi tatu zilizokuwa hazisemezani zilihitaji njia ya kutokea, na kila mtu kulipwa na serikali ya kwao ndiyo njia iliyokuwa rahisi kutekelezeka. Lakini anayehamisha haki ya mtu bila kumuuliza hubeba jukumu zito zaidi la kuifikisha.

Haikufika mapema. Malipo yalikwenda vipande vipande, na wazee wengi wakalalamika kwamba walichopewa si hesabu kamili. Mwaka 2003 shauri lilifunguliwa Mahakama Kuu ya Tanzania, na Septemba 2005 pande mbili zikatia saini hati ya maridhiano ya shilingi bilioni 117. Hata baada ya hapo wapo waliosema wamepunjwa, na madai yakaendelea mahakamani na bungeni kwa miaka mingi. Wazee wenye mvi walikaa barabarani katikati ya Dar es Salaam wakidai haki zao. Wengi walifariki wakiwa bado kwenye foleni.

SHILINGI MBILI

Kuna jambo jingine lililotokea kimya kimya. Mwaka 1977 shilingi ya Tanzania na ya Kenya zilikuwa karibu sawa. Dola moja ya Marekani ilikuwa kama shilingi 8 na senti 30 kwa kila moja. Kufikia 2005 dola moja ilikuwa shilingi 75 hivi za Kenya, na zaidi ya shilingi 1,100 za Tanzania. Maana yake ni kwamba mafundi wawili waliokaa chumba kimoja cha mitambo, wakakatwa akiba sawa kwa miaka sawa, mmoja akiwa raia wa Kenya na mwingine wa Tanzania, tarakimu zao zilibaki sawa kwenye karatasi lakini thamani zilitofautiana kiasi cha mara kumi na tano. Kila mmoja alipata hasara. Wa Suguti ilimzidi.

Fiqhi imelijua tatizo hili tangu zamani, zama za fulusi za shaba zilizopanda na kushuka thamani. Kauli ya wengi, na ndiyo ya Imamu Shafii, ni kwamba deni hulipwa kwa mfano wake: fulusi mia kwa fulusi mia, zipande au zishuke. Imamu Suyuti, aliyekuwa Mshafii, aliandika risala maalumu juu ya suala hili. Qadhi Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imamu Abu Hanifa, yeye akaona inaangaliwa thamani ya siku deni lilipothibiti. Na baadhi ya Wamaliki, akiwemo al-Rahuni wa Morocco, wakasema thamani huangaliwa pale mabadiliko yanapokuwa makubwa mno, kiasi kwamba anayelipwa huwa kama aliyepokea kitu kisicho na manufaa. Katika zama zetu, Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Jeddah, kwa azimio namba 42 la mwaka 1988 lililotolewa Kuwait, ilishika kauli ya wengi: deni la sarafu hulipwa kwa mfano, si kwa thamani.

Kauli hiyo inaziba mlango wa riba, na ndiyo maana wanazuoni wameing'ang'ania. Hata hivyo naona ni lazima kutofautisha baina ya mkopo wa ndugu wawili waliokubaliana kwa hiari, na mali ya mfanyakazi iliyozuiliwa bila ridhaa yake na mwenye uwezo wa kulipa. Mtume (s.a.w.) ameiita dhulma tabia ya tajiri kuchelewesha deni, na akahimiza mwajiriwa alipwe kabla jasho lake halijakauka. Mwenye kuzuilia mali kwa dhulma hachukuliwi sawa na mkopaji.

Njia iliyotumika Dar es Salaam mwaka 2005, yaani kukaa na kupatana, ina asili katika sheria yetu nayo ni sulhu. Najua wanafunzi watanikumbusha kwamba sulhu juu ya deni linalojulikana na kukubaliwa, kwa kiasi kinachozidi deni lenyewe katika jinsi ileile, ni riba. Ni kweli. Lakini madai ya wazee hayakuwa deni moja linalojulikana. Palikuwa na pensheni, akiba, kiinua mgongo, likizo, gharama za kurudishwa makwao, na kila kimoja kilibishaniwa. Sulhu katika haki zilizochanganyika na kubishaniwa ina nafasi pana zaidi. Ama ikitokea hati ya malipo imetenga wazi fungu na kuliita riba ya ucheleweshaji, kama mahakama nyingi zinavyozoea kuongeza, basi Muislamu achukue haki yake ya asili, na fungu lile alitoe katika maslahi ya watu bila kutarajia thawabu ya sadaka.

BARUA MBILI ZA UMAR BIN ABDUL AZIZ

Sasa turudi kwenye swali la zaka.

Tufanye mzee alipokea shilingi milioni 3. Zaka ya mwaka mmoja ni shilingi 75,000. Ikiwa atatakiwa kutoa ya miaka 28 iliyopita, kila mwaka asilimia mbili na nusu ya kilichobaki baada ya kutoa ya mwaka uliotangulia, atatoa zaidi ya milioni moja na nusu. Yaani nusu ya jasho lake lililozuiliwa itaondoka kwa sababu tu ilizuiliwa. Hofu ya mzee ilikuwa na hesabu nyuma yake.

Yule kijana hakukosea kitabu. Katika madhehebu ya Shafii, kama alivyoandika Imamu Nawawi katika Minhaj, kauli iliyo dhahiri zaidi ni kwamba mali iliyoporwa, iliyopotea au iliyokanushwa inawajibikiwa na zaka, ila haimlazimu mwenyewe kuitoa mpaka imrudie. Ikimrudia, anatoa ya miaka iliyopita. Hata hivyo Nawawi huyohuyo ametaja kwamba kauli ya zamani ya Imamu Shafii ni kinyume: haina zaka.

Lakini ipo kadhia iliyotangulia vitabu hivyo, nayo inafanana na ya wazee wa Jumuiya kama sahani na kifuniko chake. Imamu Malik ameipokea katika Muwatta, kitabu cha zaka, kutoka kwa Ayyub al-Sakhtiyani. Umar bin Abdul Aziz, aliyetawala kuanzia mwaka 99 hadi 101 Hijria, aliandika kuhusu mali ambayo baadhi ya watawala waliichukua kwa watu kwa dhulma. Aliamuru irudishwe kwa wenyewe na itolewe zaka ya miaka yote iliyopita. Kisha, baada ya barua hiyo kuondoka, akaandika nyingine: isichukuliwe ila zaka ya mwaka mmoja tu, kwa sababu ilikuwa dhimari, yaani mali ambayo mwenyewe hakuwa na matumaini nayo.

Khalifa aliandika, akafikiri, akaandika tena. Sijui kama kuna mahali pengine katika historia ya utawala wetu ambapo mtawala amebadili amri ya mapato kwa haraka namna ile kwa faida ya mlipaji. Aliona kwamba dola ikishika mali ya raia kwa dhulma, kisha ikarudisha kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine ikachukua zaka ya miaka yote ambayo yenyewe ndiyo ilikuwa imeishika, itakuwa imefaidika kwa kosa lake. Imamu Malik akaichukua hukumu hii kuwa msingi wa madhehebu yake: deni au mali iliyozuiliwa hutolewa zaka ya mwaka mmoja inapopokelewa.

Na ikasadifu kwamba mwaka uleule wa maridhiano ya Dar es Salaam, yaani Aprili 2005, Majmaa ya Fiqhi ilikutana Dubai na kupitisha azimio namba 143. Kuhusu mafao ya mwisho wa utumishi ilisema kwamba mfanyakazi halazimiki kuyatolea zaka kabla ya kuyapokea, kwa kuwa milki yake haijatimia. Yakishaamuliwa na kukabidhiwa kwake, huyajumlisha na mali nyingine aliyo nayo na kuyatolea zaka pamoja nayo.

Nilimgawia mzee mali yake sehemu mbili. Pensheni na kiinua mgongo ambavyo mwajiri huvitoa kwa masharti yake, hivi havikuwa milki yake kamili kabla ya kulipwa. Ama akiba iliyokatwa kwenye mshahara wake mwenyewe, hiyo ilikuwa mali yake hasa, iliyozuiliwa. Kwa hii ya pili, nikamwambia, mwaka mmoja alioutoa unamtosha kwa mujibu wa hukumu ya Umar bin Abdul Aziz, na anayetaka kufuata kauli mashuhuri ya Shafii kwa ihtiyati, mlango uko wazi ila asimlazimishe mwenziwe. Nijuavyo mimi, kumwambia mkongwe aliyesubiri miaka 28 kwamba nusu ya fedha yake si yake, kwa kauli ambayo Imamu mwenyewe ana kauli mbili juu yake, si katika hekima ya fatwa. Wallahu aalam.

FARASI WA MTU WA BANU TAGHLIB

Ya wazee wa Jumuiya yamepita kwa kiasi kikubwa, lakini vijana wao wanavuka mpaka uleule. Jumuiya mpya iliundwa kwa mkataba wa 30 Novemba 1999, na itifaki ya soko la pamoja ikaanza tarehe 1 Julai 2010, ikimpa mfanyakazi haki ya kwenda kufanya kazi nchi mwanachama pamoja na haki za hifadhi ya jamii. Mtu wa Suguti akifundisha Kisumu miaka ishirini na kuweka akiba katika mfuko wa Kenya, siku akistaafu na kurudi kwao atakutana na swali ambalo fundi wa meli hakulijua: kodi ataitoa wapi?

Na hapa iko hatari ambayo wengi hawaioni. Kwa sheria ya kodi ya mapato ya Tanzania ya mwaka 2004, mtu ni mkaazi ikiwa amekaa nchini siku 183 au zaidi katika mwaka, au ikiwa ana makazi ya kudumu nchini na akawepo kwa sehemu yoyote ya mwaka. Sheria ya Kenya nayo inamhesabu mkaazi mwenye makazi ya kudumu Kenya aliyekuwepo huko kwa muda wowote katika mwaka. Mtu mwenye nyumba Kisumu na nyumba Suguti, anayekaa huku na huku, anaweza kuwa mkaazi wa nchi zote mbili kwa mwaka mmoja. Tanzania humhesabia mkaazi mapato yake ya kila mahali duniani. Kenya kwa upande wake, kwa miaka mingi, ilikata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye pensheni anayolipwa asiye mkaazi. Mikataba ya kuzuia kodi mara mbili kwa kawaida huweka kanuni ya kuamua mtu wa namna hii ni wa nani. Nchi tano za Jumuiya zilitia saini mkataba wa aina hiyo tarehe 30 Novemba 2010, lakini kwa kuwa haukuridhiwa na nchi zote, kwa miaka mingi ulibaki karatasi.

Msomaji atauliza, haya yanahusiana nini na fiqhi? Yanahusiana sana. Umar bin al-Khattab (r.a.), ambaye ukhalifa wake ulikuwa mwaka 13 hadi 23 Hijria, ndiye aliyeweka ushuru wa mipakani, na Abu Yusuf ameueleza katika Kitab al-Kharaj alichomwandikia Harun al-Rashid. Humo mna kisa cha Mkristo mmoja wa kabila la Banu Taghlib aliyepita na farasi kwa mtoza ushuru, Ziyad bin Hudayr. Farasi akathaminiwa dirhamu elfu ishirini. Ziyad akamwambia atoe farasi apewe elfu kumi na tisa, au abaki na farasi atoe elfu moja. Akatoa elfu. Mwaka haujaisha akapita tena, Ziyad akataka elfu nyingine. Yule mtu akashangaa kwamba kila apitapo atatozwa elfu, akaenda kushitaki kwa Umar, akamkuta Makka. Umar alimjibu kwa neno fupi tu la kwamba ametoshelezwa. Mtu yule akadhani amepuuzwa, akarudi akiwa ameshakata tamaa na kuazimia kulipa, akakuta barua ya Umar imemtangulia: aliyekwisha tozwa asitozwe tena mpaka mwaka upinduke. Mkristo yule akasilimu palepale.

Hiyo ndiyo kodi mara mbili, na hiyo ndiyo hukumu yake, iliyotolewa kwa faida ya mtu asiyekuwa Muislamu. Mali moja, mwaka mmoja, tozo moja.

Kwa hiyo anayetafuta njia ya halali asitozwe mara mbili hafanyi hila mbaya. Anatafuta alichokitafuta mtu wa Banu Taghlib. Sheria ya Tanzania yenyewe inamruhusu mkaazi apunguziwe kodi kwa kiasi alichokwisha lipa nje, mradi awe na uthibitisho. Hivyo kuitunza hati ya kodi ya zuio, kuuliza kabla ya kustaafu ni bora kupokea mkupuo au malipo ya kila mwezi, na kupanga tarehe ya kuhama ili asiwe mkaazi wa nchi mbili kwa mwaka mmoja, yote haya ni tadbiri ya mali. Mfano wa utaratibu huu katika zama za Maswahaba ni Abdullah bin Zubayr, aliyekuwa akipokea fedha za watu Makka na kumwandikia ndugu yake Mus'ab kule Iraq awalipe huko. Ibn Abbas alipoulizwa hakuona ubaya.

Mpaka wa jambo ni uongo. Katika barua ya zaka ambayo Abu Bakr (r.a.) alimwandikia Anas, aliyoipokea Bukhari, imekatazwa kutenganisha mifugo iliyochanganyika au kuchanganya iliyotengana kwa kuiogopa zaka. Kumbuka kilichokatazwa ni kuibadili sura ya mali siku ya mtoza zaka ili aone kisichokuwepo. Mwenye nyumba mbili anayeiambia ofisi ya Kenya kwamba makazi yake ni Suguti tu, na kuiambia ya Tanzania kwamba makazi yake ni Kisumu tu, amefanya hasa jambo hilo. Wapo wanaosema kodi hizi si zaka, basi kuzikwepa hakuna neno. Wanazuoni kama Ghazali na Shatibi wamejuzisha mtawala kuweka tozo maslahi ya lazima yanapokosa fedha; na hata asiyekubali hoja hiyo, uongo wa maandishi na ushahidi wa uwongo haujawahi kuhalalishwa na mtu.

NYUMBA MBILI, MIRATHI MOJA

Mzee alipokwisha kunisikiliza alinitajia jambo la pili, na nikahisi hili ndilo lililomleta hasa. Alikuwa na mwenzake wa chumba cha mitambo aliyefariki kabla ya kulipwa. Marehemu aliacha mke Kisumu na mke Suguti, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu. Kwenye fomu ya zamani ya shirika aliandika jina la mke wa Kisumu peke yake. Je, fedha ikija ni ya nani?

Jina lililoandikwa kwenye fomu ni la mtu wa kupokea. Ni wakili wa warithi, hamiliki. Mafao ambayo marehemu aliyastahiki kabla ya kufa ni tarika, na hugawanywa kwa mujibu wa aya ya 11 na 12 za Suratun Nisaa, baada ya madeni na wasia. Tofauti ni pensheni ya mjane ambayo mfuko humpa mjane mwenyewe kwa kanuni zake, kila mwezi, kuanzia baada ya kifo. Hiyo ni atia kwake na haiingii katika mirathi. Makosa mengi katika misikiti yetu yanatokana na kuzichanganya hizi mbili.

Tukikadiria zimepatikana shilingi 2,400,000 baada ya kuondoa nauli za kufuatilia na madeni, wake wawili wana thumni moja kwa pamoja, yaani shilingi 300,000, kila mmoja 150,000, hata kama mmoja ndiye aliyeandikwa na mwingine hajulikani ofisini. Zinabaki 2,100,000. Watoto wana mafungu saba: kila wa kiume 600,000, kila wa kike 300,000. Mpaka wa nchi haubadilishi fungu la mtu. Mtoto wa Kisumu ana haki sawa na wa Suguti.

Tulipiga hesabu hiyo kwa kijiti mchangani, na mzee akaitazama kwa muda. Kisha akaniambia kwamba barua ya ajira ya marehemu iko Kisumu kwa mke mkubwa, na cheti cha kifo kiko Suguti kwa mke mdogo, na tangu mazishi wanawake wale wawili hawajasalimiana. Akaniomba nimwandikie barua ya mke mkubwa. Niliiandika palepale, na asubuhi yake akapanda gari la kwenda Musoma akiwa ameifunga kwenye kitambaa.